Paa la Mradi wa Mwanga

Nchini Ustawini hakuna sumu. Naanza na jambo hili mapema ili msomaji wa nchi nyingine asije akanielewa vibaya huko mbele. Tuna dawa tu. Dawa ya viwavi, dawa ya ukungu, dawa ya utitiri, dawa ya magugu, na ile ya chupa ya bluu ambayo maelezo yake yameandikwa kwa lugha tusiyoijua, na chini ya maelezo pamechorwa fuvu la mtu anayeonekana kufurahi. Sheria yetu haina utata: kitu ambacho serikali inawagawia wakulima bure hakiwezi kuitwa sumu, na anayekiita hivyo ana upungufu wa shukrani. Ndiyo maana wizara inayohusika inaitwa Wizara ya Kilimo na Shukrani.

Mimi ni katibu wa Kamati ya Mapokezi ya kijiji cha Kwema. Zamani tulikuwa na kamati ya maji, ya afya na ya shule pia, lakini wajumbe walikuwa walewale, ikaonekana ni kuwachosha watu bure, kamati zote zikaunganishwa ndani ya Mapokezi. Kazi yangu ni kuhakikisha mgeni mkubwa anapata ngoma, maua na kiti chenye mto. Kwa hiyo karibu kila jambo nitakalolisimulia lilitokea nikiwa nimesimama karibu, nimeshika shada.

Kwema ni kijiji cha nyanya. Mashamba yamepanda vilimani pande zote, na katikati, bondeni, kuna bwawa. Mvua ikinyesha, chochote kilichomwagwa huko juu huteremka bwawani. Na bwawani ndiko tunakochota.

Jirani yangu Kombo ndiye aliyekuwa mkulima bora wa bonde letu. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kijiji cha pili. Asubuhi alibeba bomba la dawa mgongoni na kupita katikati ya mistari ya nyanya akinyunyiza huku na huku, shati limelowa, anaimba. Wizara iliwahi kuweka picha yake kwenye kalenda, akiwa na bomba lake, chini pameandikwa: Mwananchi Mwenye Shukrani. Kila nyumba ya Kwema ilikuwa na Kombo ukutani.

Kisha mbuzi wake walikufa, wote kwa wiki moja, wakitokwa na povu. Afisa mifugo alikuja akasema ni wivu wa majirani. Baada ya mbuzi ikafuata mikono ya Kombo. Ilianza kutetemeka kidogo, kama ya mtu aliyeshika simu inayoita. Jasho likawa linamtoka kivulini. Jioni alikuwa akilalamika kwamba macho yana ukungu, na mkewe, Mwanahawa, akaanza kumjazia kikombe cha chai nusu ili asijiunguze.

Alikwenda zahanati. Mganga wetu ni kijana mwema, alimpima kwa makini sana, kisha akakaa akatazama dirishani. Wizara ilikuwa imeshatoa mwongozo wa magonjwa yanayoruhusiwa vijijini, na ugonjwa wa Kombo haukuwemo. Akamwandikia ugonjwa wa karibu aliouona: uchovu wa mafanikio. Akampa vidonge vya kichwa na kumshauri apunguze kufanikiwa.

*

Kombo alikuwa na mdogo wake wa kike, Sikudhani, daktari wa falsafa na mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Taifa. Alikuja likizo, akamkuta kaka yake barazani anajaribu kufunga kifungo cha shati. Alimtazama mpaka kaka alipokata tamaa, ndipo akasogea akamfungia yeye.

"Kaka, mikono imekuwaje?"

"Uzee."

"Umenizidi miaka mitatu."

"Basi na wewe jiandae," Kombo akasema, akacheka. Alikuwa bado anacheka siku hizo.

 Sikudhani alikwenda bwawani akajaza chupa ya maji, akaondoka nayo. Aliporudi, baada ya miezi kadhaa, alikuja na pikipiki ya mizigo iliyojaa vigae vyeupe vya ukubwa wa sahani. Tukadhani anamjengea kaka yake choo cha kisasa, tukafurahi.

"Wifi, utavipanga sakafuni au ukutani?" Mwanahawa akamuuliza.

"Vitakaa ndani ya maji. Ni udongo wa mfinyanzi, nimeuchanganya na unga wa zinki, ule ulio kwenye mafuta ya kupaka watoto wenye upele, kisha nikauchoma. Maji yakipita juu yake, udongo unaivuta ile dawa ya nyanya, inanata. Halafu jua likiupiga ule unga, unaivunja dawa vipande vipande mpaka hakibaki kitu cha kumdhuru mtu."

"Jua lipi?"

"Hili hili lako, wifi. Bila jua kigae kinakusanya tu, hakivunji. Kikijaa, kinaachia yaliyomo."

Alitengeneza hori la mbao nyuma ya nyumba ya Kombo, akapanga vigae chini, akayaacha maji ya bwawa yapite juu yake taratibu, membamba kama jani, juani. Kisha akachukua perege wadogo kutoka mto wa mbali, akawaweka kwenye ndoo mbili. Ndoo ya kwanza ilikuwa na maji ya bwawa. Kabla ya adhuhuri perege wote walikuwa wamegeuza matumbo juu. Ndoo ya pili ilikuwa na maji yaliyopita horini, na perege wake waliogelea hadi jioni, na kesho yake, na siku iliyofuata, mpaka watoto wa Kombo wakawapa majina.

Kijiji kizima kilikuja kuwatazama. Mimi nilikuja na shada, kwa mazoea, nikakosa wa kumpa, nikampa Sikudhani. Alilipokea kwa aibu. Ulikuwa wakati mzuri, na nausimulia kwa kirefu kwa sababu baada ya hapo hakukuwa na mwingine.

*

Sikudhani alitaka kujenga mifereji mikubwa ya namna ile kando ya bwawa, ili kijiji chote kipate maji. Ilibidi aombe ruhusa. Mimi nilimsindikiza mjini, kwa kuwa kamati ya maji ilikuwa ndani yangu.

Wizara ya Madini ilitaka kwanza kujua udongo ni wa nani. Wizara ya Nishati ilitukumbusha kwamba jua ni rasilimali ya taifa; kuanika nguo na mihogo kumeruhusiwa bure kwa huruma ya serikali, lakini matumizi yasiyo ya kuanika yanahitaji kibali. Tulikipata. Kilieleza kwamba mwenye nacho anaruhusiwa kutumia jua la Kwema, mchana tu.

Mwisho tulifika kwa Mheshimiwa Sefania Kigulu, Waziri wa Kilimo na Shukrani. Ni mtu mpole, ana tabia ya kufumba macho anaposikiliza, na mara nyingine anaendelea kuyafumba.

"Daktari," akasema, "unataka kuondoa nini kwenye maji?"

"Mabaki ya viuatilifu, Mheshimiwa."

"Kwa Kiswahili."

"Dawa iliyobaki."

"Dawa iliyobaki hurudishwa stoo. Haikai bwawani."

"Mheshimiwa, nimeipima. Ipo nyingi. Kaka yangu anatetemeka mwili mzima. Kuna wanawake wawili pale kijijini mimba zimetoka."

Waziri akafumbua macho. Hakukasirika. Alimtazama kama mtu anayemhurumia mtoto wa jirani aliyefeli. "Sikiliza, mwanangu. Ukiondoa kitu, maana yake kilikuwepo. Kama kilikuwepo, kuna aliyekiweka. Sasa umesafiri njia yote hiyo kuja kuniuliza mimi nani alikiweka?"

Mimi nikatazama zulia. Lilikuwa zulia zuri.

"Lakini serikali haipingi sayansi," Waziri akaendelea. "Hivi vigae vinafanya kazi kwa mwanga, sivyo? Basi tusiseme mradi unaondoa kitu. Tuseme unaongeza. Unayaongezea maji mwanga. Mwanga hauna mpinzani."

Ndivyo ulivyozaliwa Mradi wa Taifa wa Kuyaongezea Maji Mwanga. Tulipotoka nje nilimuuliza Sikudhani kama ameridhika na jina.

"Wauite watakavyo," akasema. "Wanipe mifereji na jua. Basi."

*

Mifereji ilijengwa, na nitasema kweli, ilijengwa vizuri. Ilikuwa ya zege, mipana, haina kina, ikishuka polepole kutoka bwawani hadi kwenye bomba la kuchotea, na chini yake vigae vimepangwa vinang'aa. Sikudhani alikaa kijijini wakati wote wa ujenzi, kichwani kitambaa, mikononi saruji. Kombo alikuwa akiletewa kiti anakaa karibu, anawatania mafundi. Alikuwa hawezi tena kushika koleo. Lakini kila asubuhi bado alibeba bomba akaenda kupiga dawa, kwa kuwa shamba lisilopigwa dawa huchukuliwa na wilaya kwa kosa la uzembe.

Ikatangazwa kwamba Mlezi Mkuu wa Taifa atakuja mwenyewe kuzindua. Kwangu ilikuwa kama kuambiwa nimefaulu mtihani wa maisha. Walitangulia watu wa usalama. Kiongozi wao alikagua viti, akanusa maua, akapekua ngoma, kisha akainua uso akatazama juu kwa muda mrefu.

"Hili jua," akaniuliza, "litakuwepo siku ya sherehe?"

"Kwa majira haya, litakuwepo," nikajibu kwa fahari.

"Basi zibeni. Mlezi Mkuu hachomwi na jua."

Nikapendekeza turubai. Mkuu wa Wilaya, Bwana Ruhundwa, aliyekuwa pamoja nasi, akasema turubai ni la msibani na harusini, si la kiongozi. Kufikia wiki iliyofuata kulikuwa na nguzo za zege, mbao ngumu na mabati mazito ya bluu, limepauliwa paa kubwa kuliko la shule, limefunika mifereji yote mwanzo hadi mwisho, maana haikujulikana Mlezi Mkuu angependa kusimama sehemu gani.

Sikudhani alikuja mbio kutoka nyumbani kwa kaka yake.

"Bwana Ruhundwa, hili paa la nini?"

"La heshima."

"Vigae havifanyi kazi gizani. Nimewaambia tangu mwanzo. Jina lenyewe la mradi ni mwanga."

"Ni kwa ajili ya siku moja, Daktari. Siku moja tu, tunaliondoa."

"Nguzo za zege kwa ajili ya siku moja?"

"Siku yenyewe ni kubwa," akasema Bwana Ruhundwa, na kwa kweli sidhani kama alikuwa anadanganya. Aliamini.

Mlezi Mkuu alikuja. Alisimama katikati kabisa ya kivuli na kuhutubia kwa saa nyingi. Alisema mataifa mengine yanayaacha maji yao gizani, lakini Ustawini imethubutu. Alisema mwanga ni haki ya kila tone. Alisema adui zetu walitaka tubaki kwenye kiza, na hapo taa za wapiga picha zikammulika, maana chini ya paa kulikuwa na kiza na wapiga picha walikuwa wamelalamika. Kisha akafungua bomba, akanawa ncha za vidole, watu wakalia kwa furaha. Mimi nililia pia.

Siku ya pili Sikudhani alimfuata Bwana Ruhundwa kuhusu paa. Akakuta sheria imemtangulia. Mahali ambapo Mlezi Mkuu amesimama na kuhutubia ni kumbukumbu ya taifa, na kumbukumbu ya taifa haibanduliwi hata msumari.

*

Hapa msomaji atashangaa kidogo. Kwa majuma ya kwanza maji yale yalikuwa safi kweli. Perege waliishi. Wataalamu wa wizara walikuja na vichupa vyao wakapima wakakuta hakuna kitu. Waandishi wa redio ya taifa walimfuata Sikudhani.

"Daktari, maji ya Kwema ni salama?"

"Kwa leo ndiyo, lakini ni kwa sababu udongo bado una nafasi. Unakusanya tu, hauvunji, kwa kuwa hakuna jua. Ukijaa, itatoka yote kwa pamoja, na itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Nawaomba watu wasi—"

Usiku ule tuliisikia sauti yake redioni. Mwandishi aliuliza kama maji ni salama, na Sikudhani akajibu: "Ndiyo." Kisha ukapigwa wimbo.

Wimbo ulimfikia kila mtu. Hapo awali, wenye nguvu kijijini walikuwa wakipanda hadi chemchemi ya mlimani, mwendo wa nusu siku, kuchota maji ya watoto wachanga na wazee. Sasa hawakuona sababu. Na serikali nayo ikaona si haki kijiji kimoja kuwa na neema mbili, chemchemi ikazungushiwa uzio na kupewa mwekezaji wa maji ya chupa. Tulimpokea kwa ngoma.

Kisha vigae vikashiba. Sikudhani alikuwa akiweka perege wapya kila Jumatatu kwenye ndoo, na Jumatatu moja hawakufika hata saa ya chai. Alisimama juu ya ndoo ile, mikono kiunoni. Mwanahawa alikuwa amejitwisha maji ya bomba, akasimama naye.

"Wifi, ndiyo yameanza?"

"Yameanza. Usiwape watoto."

"Niwape nini?"



Sikudhani alirudi kwa Waziri. Safari hii hakuomba paa liondolewe. Aliomba mabati machache tu yabanduliwe, aliomba tundu. Waziri aliunda jopo. Jopo lilikaa hotelini, likatafakari, likaja na jawabu: kama tatizo ni mwanga, mwanga utapelekwa. Zikafungwa taa za umeme darini, balbu kama za ukumbi wa harusi, na fundi wa wizara akachora jua kubwa la rangi ya machungwa lenye macho na tabasamu. Sikudhani alieleza kwamba balbu zile hazina miali inayotakiwa, kwamba jua la nje lina kitu ambacho taa ya chumbani haina. Akaambiwa asidharau juhudi. Hata hivyo balbu hazikudumu, kwa kuwa jenereta lilikula mafuta mengi, ikaamuliwa ziwashwe wageni wanapokuja.

*

Ndipo alipofanya jambo pekee lililobaki. Asubuhi moja, kweupe, aliingia mferejini, akang'oa vigae akaanza kuvibeba kimoja kimoja kuvitoa nje ya paa. Akavipanga kwenye majani, juani.

Nilikuwa napita. "Daktari, unafanya nini?"

"Kama jua haliruhusiwi kuingia, vigae vitoke. Vikae nje mchana, vivunje vilichokusanya, jioni nivirudishe. Kesho naanika vingine."

"Hiyo itakuwa ni kuanika," nikasema baada ya kufikiri. "Kuanika kumeruhusiwa."

Alinitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu uzinduzi. Mwanahawa akaja akafunga kanga kiunoni. Wakaja wanawake wengine. Kombo akaletwa na kiti chake. Alikuwa hawezi kubeba kigae, lakini aliamuru kwa sauti yake ya kuita ng'ombe: hicho kushoto, hicho kipewe nafasi, nyinyi hamjui kupanga. Ukipita juu mlimani uliona uwanda mzima mweupe kando ya bwawa, kama watu wameanika vyombo vya harusi. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na haikutosha, lakini ilisaidia. Perege waliishi siku mbili. Kisha tatu.

Siku ya nne polisi walikuja adhuhuri, vigae vingi vikiwa nje. Walimkamata Sikudhani peke yake, kwa kuwa pingu zilikuwa jozi moja. Kosa lilikuwa kuhamisha sehemu za kumbukumbu ya taifa. Nilijaribu kueleza habari ya kuanika, na ofisa mmoja akaniuliza kwa upole kama mimi pia nina familia. Wakavirudisha vigae wenyewe, kwa heshima, baadhi kichwa chini, wakazungusha uzio. Wakabakiza bomba la kuchotea upande wa nje.

Hakufungwa sana. Alikaa ndani mpaka mvua za vuli zilipoanza, akaachiwa kwa sharti kwamba haruhusiwi kusogelea uzio wala kutaja neno kigae mbele ya zaidi ya watu wawili. Chuoni alikuta somo lake limefutwa. Akaja Kwema, kwa kuwa Mwanahawa alikuwa amemtumia ujumbe kwamba Kombo hainuki.

*

Nilikuwepo chumbani alipofika. Kombo alikuwa amelala ubavu, taulo chini ya shavu kwa ajili ya mate, misuli ya mikono ikichezacheza yenyewe chini ya ngozi. Mvua za siku zile zilikuwa zimeteremsha kila kitu. Na juzi yake alikuwa amepiga dawa, kwa kujikongoja, baada ya kuonywa na wilaya.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Wamekuachia."

"Wameniachia."

"Walikupiga?"

"Hapana. Walinihubiria."

Kombo akajaribu kucheka, ikawa kikohozi. Sikudhani alimfuta mdomo. Alimwambia atampeleka hospitali ya mjini, kuna sindano ya kutibu hali ile, daktari akijua tu ni nini.

"Wataandika uchovu," Kombo akasema.

"Nitawaambia mimi."

"Utawaambia, wataandika uchovu." Akapumzika. "Sikudhani, ile siku tumeanika vile vigae. Vilikuwa vinapendeza."

"Vilikuwa vinafanya kazi, kaka."

"Mimi nilikuwa natazama vinavyopendeza."

Tulimbeba hospitali kwa gari la nyanya. Daktari wa mjini alisoma karatasi ya zahanati, akamsikiliza Sikudhani mpaka mwisho, akatazama mlango, akasema kwa sauti ndogo kwamba anamwamini. Sindano hiyo ilikuwepo nchini siku za nyuma, akasema, lakini nchi isiyo na sumu haiagizi dawa ya sumu. Alimshika Sikudhani bega. Alikuwa mtu mwema. Katika mambo haya yote, nikikumbuka, sikukutana na mtu mbaya hata mmoja.

Kombo alikata roho kabla ya magharibi. Wakaandika uchovu wa mafanikio, hatua ya mwisho.

Mazishi yalikuwa makubwa. Bwana Ruhundwa alikuja na salamu za Waziri, akasema marehemu ameondoka akiwa bado anafanikiwa, na kwamba kalenda ya mwaka ujao itakuwa na picha yake tena. Nilimpa kiti chenye mto. Sikuwa na shada. Siku hiyo sikuweza kwenda kuchuma, sijui kwa nini.

Waliozika walirudi na kiu. Ndoo za msibani zilikuwa zimekauka, watoto wa Kombo wanne wamekaa ukutani midomo mikavu, mdogo wao analia. Mwanahawa alisimama, akachukua ndoo, akateremka bombani. Sikudhani akamfuata, nami nikawafuata kwa nyuma, maana nilihisi kuna mtu anapaswa kuwepo.

Pale bombani kulikuwa na wanawake kwenye foleni. Walimwachia mfiwa nafasi. Wakamgeukia Sikudhani na kumpa pole, mmoja mmoja, kwa kumshika mkono, na kila mmoja alikuwa na ndoo. Yeye alizipokea zile pole. Mbele yake, ng'ambo ya uzio, paa lilikuwa linawaka bluu kwa jua la saa tisa, jua kali, bila wingu, likiangukia mabati, na chini yake maji yanapita gizani.

Niliona anahesabu jambo kichwani. Chemchemi ina uzio. Mto wa perege ni siku nzima kwenda. Nilimwona anawatazama wale wanawake kama anataka kusema, midomo ikasogea, na nadhani maneno yote aliyokuwa nayo alikuwa ameshayasema, kwa watu wote waliopo, na hapakuwa na mtu mpya.

Ndoo ya Mwanahawa ikajaa. Akafunga bomba, akazungusha kata ya kanga kichwani, akainama akashika ukingo mmoja wa ndoo. Ilikuwa nzito, na alikuwa hajala tangu jana.

"Wifi," akasema, "nisaidie."

Sikudhani akainama akashika ukingo wa pili. Wakainua pamoja, taratibu, isimwagike, na akamtwika.